Mume anataka tupite Iringa, mimi nataka tupite Lindi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, tunakwenda Songea kwa gari letu, Noah. Baba mkwe anatimiza miaka 80 na ukoo mzima umeitwa. Misa ya shukrani ni Jumamosi, lakini mzee amesema anataka watoto wake wote wawe wamefika Alhamisi jioni. Ndani ya gari atakuwemo pia mama mkwe. Yuko kwetu tangu Pasaka kwa matibabu ya presha na miguu kuvimba, na safari hii ndiyo tunamrudisha nyumbani.

Kinachotugombanisha ni njia.

Mume wangu anataka tupite Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako na Njombe. Ndiyo njia aliyokulia, anajua kila kona na kila mahali trafiki wanapokaa na tochi. Mpango wake ni tutoke nyumbani saa mbili usiku, foleni ya Kibaha ikiwa imepungua, aendeshe usiku kucha, kukicha tuwe Makambako kwa mdogo wake tunywe chai, na mchana tuwe tumeingia Songea. Anasema watoto watalala njiani, na hatutatoa hata shilingi ya gesti.

Mimi nataka tupite kusini: Mkuranga, Kibiti, daraja la Mkapa, Nangurukuru, Lindi, Masasi, Tunduru, Namtumbo. Siku hizi ni lami mwanzo mpaka mwisho. Shangazi, mama yangu mzazi yuko Ndanda. Ana mtoto wa jicho, macho yanazidi kufifia, na mjukuu wake wa mwisho, ambaye sasa ana miaka minne, hajawahi kumpakata. Huko Songea tunakwenda karibu kila mwaka. Ndanda tunapiga simu tu.

Halafu naogopa Kitonga. Niliwahi kupita pale lori limelala ubavu kwenye kona, mizigo imemwagika barabarani, na tangu siku hiyo tukianza kupanda ule mlima mikono yangu inatoka jasho. Njia ya kusini haina milima kama ile wala malori ya Zambia na Kongo.

Mume anasema njia yangu ni ndefu zaidi kwa kilomita kama 100, kwamba Somanga barabara hukatika kila mvua zikizidi, na kwamba kati ya Tunduru na Namtumbo ni pori la tembo; gari likiharibika hapo, fundi utamtafuta wapi? Nikimkumbusha habari ya mama yangu ananijibu, "Tutapita kwake wakati wa kurudi." Mwaka juzi alisema maneno hayo hayo. Tulipomaliza mambo ya Songea hela ilikuwa imepungua na likizo yake imekwisha, tukarudi Dar kwa njia ile ile ya Iringa. Mama alikuwa ameshachinja kuku.

Labda nikwambie na hili. Mume wangu hajakanyaga Ndanda tangu msiba wa baba yangu. Siku ile kaka zangu walimwambia neno mbele ya watu kuhusu mahari, kwamba alimaliza nusu akanyamaza. Hajawahi kulizungumza tena, na mimi sijamuuliza.

Leseni ninayo, na naendesha kila siku kwenda na kurudi kazini Kariakoo, ila barabara kuu hanipi usukani. Wifi yangu anasema mke hufuata njia ya mumewe, niache ubishi. Rafiki yangu wa kazini anasema nichukue watoto tupande basi mpaka Ndanda, yeye aende Iringa na mama yake, tukutane Songea.

Nishike msimamo wangu, Shangazi, au nikubali yaishe?

Njia Panda, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninaona umebeba mambo matatu kwa pamoja. Lipo la kufika Songea salama kabla ya Jumamosi. Lipo la mama yako, anayezeeka bila kumwona mjukuu. Na lipo la mumeo na kaka zako, ambalo umeliweka karibu na mwisho kana kwamba ni dogo. Nitaanza na barabara, kwa sababu humo ndani kuna watoto, mzee mgonjwa na ninyi wenyewe, na kwa sababu nyote wawili mna ukweli kiasi na mmekosea kiasi.

Habari ya urefu ni kweli. Kwa Iringa ni zaidi ya kilomita 900, kwa kusini ni kama 1,050. Lakini safari ya namna hiyo haiamuliwi na tofauti ya kilomita 100, ambayo ni saa moja na nusu au mbili. Mimi ningetazama kwanza mtafika wapi saa ngapi, na dereva atakuwa na hali gani akifika hapo.

Tuufuate basi mpango wa mumeo. Mkitoka Tabata saa mbili usiku, hifadhi ya Mikumi mtaikuta kwenye saa saba. Barabara inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na usiku nyati au tembo akivuka huwezi kumwona mpaka awe mbele ya taa. Kitonga mtaanza kuipanda kama saa tisa au saa kumi, nyuma ya malori yanayokwenda mwendo wa kutambaa. Hizo ndizo saa ambazo mwili wa binadamu unataka kulala kuliko saa nyingine yoyote, hata uwe umekunywa kahawa. Na alfajiri, akiwa amekesha, ataingia Mafinga na Makambako. Mwezi wa sita huko ni baridi kali, na asubuhi nyingi ukungu hufunika barabara. Mbele yake bado kuna Njombe na zile kona za Lukumburu, na mikononi ana mama yake na watoto wake. Hata usiku wenyewe hauna utulivu tena kama wa zamani, maana mabasi yaliruhusiwa kusafiri usiku tangu mwaka 2023. Na basi linalokwenda zaidi ya saa nane linatakiwa liwe na dereva wa pili. Mumeo anataka kufanya peke yake safari ndefu kuliko hiyo, baada ya siku nzima ya kazi. Simlaumu. Wanaume wengi wa mji huu wanaamini kuendesha usiku kucha ni kuipenda familia, na ninaamini yeye anafanya hivyo kwa moyo mwema.

Kwa hiyo kabla hamjabishana Iringa au Lindi, shikeni hili la usiku. Ukipinga njia yake, atasikia unapinga kwao. Ukimwambia unaogopa asilale kwenye usukani, hapo kuna mlango wa kuzungumza.

Sasa nikuguse na wewe. Umeandika kwamba njia ya kusini haina malori ya Zambia na Kongo. Hayo ni kweli, ila ina malori yake. Miaka ya karibuni makaa ya mawe ya Mbinga yanasafirishwa kwenda bandari ya Mtwara, na malori yake yanapita Songea, Namtumbo, Tunduru na Masasi, yaani njia hiyo hiyo unayoitaka, nanyi mtakutana nayo uso kwa uso. Mnaposhuka kutoka Dar kuna malori ya saruji kutoka Mtwara. Kutoka Mbagala mpaka Kibiti ni makazi, shule na bodaboda mfululizo, si mahali pa kukimbia. Tembo anaowasema mumeo si hadithi: ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji unapita wilaya za Namtumbo na Tunduru. Na kuna jambo ambalo watu hulisahau. Kutoka Masasi kwenda Songea unaelekea magharibi. Ukiwa pale baada ya saa kumi jioni, jua linakupiga machoni mpaka linapozama, na likishazama uko porini gizani. Kipande hicho kinatakiwa kianzwe asubuhi, tenki likiwa limejazwa Masasi na kuongezwa Tunduru.

Kuhusu Kitonga, hofu yako ina sababu na sitakuambia uifute. Lakini angalia mnaelekea upande gani. Mkienda Songea kwa Iringa, Kitonga mnaipanda. Hatari ya kupanda ni injini kuchemka, na dereva kuchoka kufuata lori akaamua kuovateki kwenye kona. Vyote viwili vinazuilika kwa subira. Hatari kubwa zaidi ni ya kushuka, breki zinapopata moto kwa kukanyagwa muda mrefu badala ya kushuka kwa gia ndogo. Maana yake, mkienda kwa kusini na kurudi kwa Iringa, mtakutana na Kitonga mkiishuka, mwishoni mwa safari, mumeo akiwa na uchovu wa sherehe nzima. Hilo ulipime kabla hujalidai.

Naye mumeo apime lake la Somanga. Ni kweli pamewahi kukatika. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara eneo hilo na watu wakakwama siku kadhaa. Lakini yale ni mambo ya masika. Mwishoni mwa Juni ni kipupwe, maji yamekwisha kushuka, na kinachoweza kubaki ni sehemu za matengenezo ambako magari hupitishwa pembeni kwenye vumbi. Badala ya kubishana sebuleni, wiki moja kabla ya safari mmoja wenu aende kwa wakala wa mabasi ya Lindi na Masasi akamuulize dereva aliyeingia siku hiyo. Utapata jibu la kweli kuliko langu.

Kuna jambo kwenye ramani ambalo nyote hamjalitaja. Kutoka Dar mpaka Ndanda ni takriban kilomita 550. Kutoka Ndanda mpaka Songea ni kama 500. Nyumba ya mama yako iko karibu katikati kabisa ya safari. Kila mara umemwambia mumeo habari ya Ndanda kama deni la moyo, naye amekusikia hivyo: kupoteza muda kwa wakwe wakati baba yake anasubiri. Je, umewahi kumwambia kwamba Ndanda ni kitanda cha dereva? Mnatoka Tabata Jumatano saa kumi na moja alfajiri, mnafika jioni, mama mkwe ananyoosha miguu, mumeo analala usiku mzima, Alhamisi asubuhi mnaondoka na jua likiwa mgongoni. Hakuna gesti ya kulipia. Gharama yake ni ruhusa ya kazini kwa siku ya Jumatano, na hiyo nakuomba usiidharau, maana ndiyo ilikwamisha safari ya mwaka juzi.

Lakini, mwanangu, mumeo akilala Ndanda atalala nyumba ya nani? Ya mama mkwe, ambako kaka zako walimsema mbele ya waombolezaji. Kwa watu wengi wa kwetu, mkwe kulala kwa mama mkwe ni jambo la haya hata mambo yakiwa shwari. Sasa mchukue mwanaume aliyeaibishwa, mpe siku kumi za kufikiria kwamba atafika pale na mama yake mzazi ndani ya gari, na kaka mmoja akirudia neno lile, mama yake atalisikia. Sijui kama ndicho kinachomfanya aseme habari ya tembo na mafundi. Wewe mwenyewe hujui, maana umesema hujamuuliza. Inawezekana sababu zake ni za barabara tupu. Ila ningependa umuulize polepole, mkiwa wawili, watoto wamelala, bila kutaja Songea wala Lindi: "Baba fulani, lile neno walilokuambia kaka zangu, bado liko moyoni?" Kisha unyamaze umsikilize. Akisema liko, basi kazi yako ya kwanza iko kwa kaka zako. Unaweza kumpigia yule mkubwa, au mjomba anayesikilizwa, ukawaomba wampigie shemeji yao wenyewe wamkaribishe. Likikataliwa, utajua kumlazimisha kulala Ndanda safari hii kuna hatari ya kuleta msiba mwingine wa maneno, na utapanga vingine.

Na kuna mtu ambaye umemwandika kama mzigo wa gari, najua hukukusudia. Mama mkwe anataka nini? Miguu iliyovimba, presha, saa kumi na nne za kukaa: mzee wa namna hiyo akikaa muda mrefu bila kutembea, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa njia yoyote mtakayopita anahitaji kushuka kila baada ya saa mbili, atembee kidogo, anywe maji, na dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe chini ya mabegi. Muulizeni daktari wake kabla ya kuondoka, tena muulizeni kwa uwazi kama safari ya kutwa kwa gari inamfaa. Ipo pia ndege ya Dar kwenda Songea. Ni ghali, lakini watoto wa mzee wakichanga, tiketi ya mtu mmoja haiwashindi, na gari lenu litakuwa jepesi na lenye uhuru wa kusimama popote. Ila msimkatie tiketi kabla hamjamuuliza. Huenda anatamani sana kukaa na wajukuu wake njiani.

Ushauri wa rafiki yako wa kugawana nisiutupe. Watoto watamwona bibi, nawe hutakuwa na ugomvi na mtu kwenye usukani. Ninachohofia ni namna mtakavyopokelewa Songea. Mwanamke akiingia na watoto kwa basi siku moja, mume akaingia na mama yake siku nyingine, mbele ya ukoo uliokusanyika, watu watajaza wenyewe hadithi wasiyoijua. Kama mtagawana, iwe ni uamuzi wa wote wawili na mzee aambiwe mapema na mumeo mwenyewe. Na ujue basi la watoto watatu na mama mmoja, mkibadili Ndanda kwenda Songea, si safari nyepesi.

Hii ya kwenda Iringa na kurudi kusini, aliyokuahidi, kwenye karatasi ndiyo nzuri kuliko zote: Kitonga mnaipanda tu, mumeo anamwahi baba yake, mama yako anawapata bila haraka ya sherehe. Udhaifu wake unaujua. Safari ya kurudi ndiyo huliwa kwanza pesa na siku zikipungua. Kama mtaichagua, muombe akupe kitu zaidi ya neno: siku za ruhusa ziandikwe kuhesabu na kulala Ndanda, mafuta ya kurudi yatengwe kabla hamjatoka Dar yasichanganywe na michango ya sherehe. Hapo nawe unaweza kulegeza kwenye njia ya kwenda, kwa sharti kwamba haitakuwa ya usiku. Kwa mdogo wake Makambako msipite kwa chai tu. Mtoke alfajiri, mlale hapo, Songea mwingie kesho yake mchana.

Wifi yako amesema mke hufuata njia ya mume. Sitaki kumvunjia heshima. Ila humo garini kuna mama yake pia, na sidhani atapenda kaka yake asinzie Kitonga kwa sababu mke alinyamaza. Kunyamaza yaishe hakutakumalizia jambo hili. Utalibeba mpaka safari ijayo. Na kushika msimamo kwa ukali, ukashinda, kutakufikisha Ndanda na mume aliyekasirika mbele ya mama yako. Katikati ya hayo mawili kuna mazungumzo ambayo bado hamjayafanya.

Leseni yako usiiache kabatini. Kumkabidhi mtu usukani wa barabara kuu kwa mara ya kwanza siku ya safari ndefu si busara, kwa hiyo kama anasita namwelewa. Muombe Jumamosi mbili kabla ya safari uendeshe wewe mpaka Chalinze na kurudi, yeye akiwa pembeni. Ajionee unavyokaa nyuma ya lori na unavyosubiri. Akikuamini hata kwa vipande vilivyonyooka mchana kweupe, mtakuwa na madereva wawili, na njia yoyote kati ya hizo mbili itakuwa imepungua hatari.

La mwisho ni hiyo Alhamisi jioni ambayo wote mmeichukulia kama amri. Misa ni Jumamosi. Mumeo ampigie baba yake amweleze kwamba miguu ya mama haiwezi safari ya mkupuo mmoja, kwa hiyo watalala njiani, huenda wakaingia Ijumaa saa nne asubuhi. Apige yeye, si wewe. Mzee akikubali, nusu ya haraka inayowagombanisha itakuwa imeondoka, na mtaweza kukaa na ramani upya. Ukishajua alichojibu, niandikie.